Hakimu wa Foleni ya Malaba: Historia ya Mzee Methuselah Mulama

Padre, wazee wa ukoo, mashemeji kutoka Matayos, majirani wa hapa Bumala, na nyinyi watu wa Malaba mliokuja na malori mkayapanga kando ya barabara mpaka watu wa basi wanauliza kama mpaka umehamia kwetu, familia inawasalimu na kuwaomba mtulie. Historia hii ni ya mtu mmoja tu, lakini ina mambo ya kuchanganya kichwa, na Paulinus Mulama, mdogo wake marehemu, ambaye amepewa kazi ya kuisoma, ameipitia nyumbani tena na tena na bado kuna mahali anakwama. Mkiona amenyamaza katikati, si machozi peke yake, ni kwamba hata yeye hajaelewa.

Mzee Methuselah Ojiambo Mulama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mulama na marehemu Mama Anjelina, na kuhusu mahali alipozaliwa kuna maneno mawili, maana mama yetu alikuwa anatoka soko la Matayos na mzigo kichwani uchungu ukamkamata njiani, kwa hivyo watu wa Matayos wanasema ni wao na watu wa Bumala wanasema ni sisi. Marehemu mwenyewe alipoulizwa alisema siku hiyo hakuwa anaangalia barabara.

Alianza masomo mwaka 1966 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1972 na kupita vizuri, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili, ambapo karo ilikata na yeye akarudi nyumbani mwaka 1974 bila kulaumu mtu. Walimu walimpenda, ila walisema ana ugonjwa mmoja, akisikia maneno ya upande wa kwanza anaamini kabisa, akisikia ya upande wa pili anaamini pia, halafu anabaki amesimama katikati na mkono kichwani. Baba yetu alikuwa akisema mtoto huyu hatafaa kuwa mtu wa kuamua mambo. Wazazi pia hukosea.

Mwaka 1977 alienda Malaba kutafuta riziki, akaanza kwa kubeba mizigo, kisha akajifunza kazi ya kuziba na kubadilisha matairi ya malori, na mwaka 1991 akafungua kibanda chake mwenyewe kando ya barabara upande wa kutoka Amagoro, kazi ambayo ameifanya mpaka mwaka huu. Alikuwa akilala Malaba katikati ya wiki na kurudi hapa nyumbani kila Jumamosi jioni, akinukia mpira ulioungua, na Mama Roselida hakumruhusu kukaa kwa viti vya kitambaa mpaka aoge.

Marehemu alifunga ndoa ya kimila na Roselida, binti ya Mzee Wabwire wa Matayos, mwaka 1983, na wakabariki ndoa hiyo kanisani tarehe 12 Disemba 1987. Mungu aliwajalia watoto watano, wasichana watatu na wavulana wawili, ambao wote wako hapa mbele yenu, na wa mwisho ni Dancan, aliyezaliwa mwaka 1994, yule amevaa shati jeupe, ambaye alikuwa kipenzi cha baba yake waziwazi, wengine walalamike wasilalamike. Dancan alimfuata baba yake Malaba akawa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na kila siku saa sita walikuwa wanakula pamoja kwa kibanda cha chakula cha Mama Edinah, sahani moja, mikono miwili. Hilo la kula pamoja tunaomba mliweke akilini, kwa sababu ndilo lililokuja kumuumiza marehemu kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa tunarudi kwa kazi, maana marehemu alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo imewaleta wengi wenu hapa leo. Mwanzoni mwa mwaka 2012 foleni ya malori ilikuwa inapita Amagoro ikirudi nyuma, dereva anakaa humo siku tatu, siku nne, anapika humo, anafua humo, anaoga nyuma ya tela, na mahali watu wamekaa hivyo ugomvi haukosi, huyu amemruka mwenzake, yule amevunja taa ya mwingine, mwingine amekula kwa Mama Edinah akaondoka na sahani. Polisi wakiitwa walisema hayo ni mambo ya foleni, wamalizane wenyewe. Basi wakakubaliana wachague hakimu wao. Serikali ina mahakimu wake, inawaandika kwa barua, inawalipa kila mwisho wa mwezi na inawahamisha ikitaka, lakini hakimu wa foleni anapatikana vipi, hakuna aliyejua, mpaka Protus, wakala mwenzake Dancan, ambaye yuko hapa na ametuhakikishia hana kinyongo, akatoa wazo kwamba wagombea wasimame kando ya barabara na kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka, mwenye mlolongo mrefu awe ameshinda.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi tarehe 3 Machi 2012. Wagombea walikuwa wawili, Protus mwenyewe na dereva mmoja kutoka Nakuru, na Protus alikuwa amewanunulia watu soda. Marehemu hakuwa mgombea, jamani, tunaomba hilo lieleweke, alikuwa amesimama upande ule mwingine wa barabara akingoja chapati za Mama Edinah zitoke motoni. Lakini mtu wa mpakani akiona laini, yaani mlolongo, anaingia kwanza, kuuliza ni baadaye, kwa sababu ukianza na kuuliza utakuwa wa mwisho. Mmoja akasimama nyuma yake, wa pili akasimama nyuma ya huyo, na waliomaliza soda ya Protus wakadhani hapo ndipo soda ya pili inatolewa, na marehemu alipogeuka akaona vichwa mpaka kwa kona. Akamuuliza aliye nyuma yake, "Boss, hii laini ni ya nini?" naye akajibiwa, "Mzee, si wewe ndiyo uko mbele? Wewe ndiyo unajua." Protus, ambaye ni mtu wa haki hata ikimuuma, akahesabu na kutangaza matokeo. Marehemu akawaambia kwa sauti kubwa kwamba yeye anataka chapati tu, na watu wakapiga makofi wakisema, huyu ndiye tunamtaka, hana tamaa.

Alirudi nyumbani Jumamosi hiyo amechanganyikiwa, akamwambia mkewe, "Roselida, nimekuwa hakimu, lakini sijui nimefanya nini." Mama Roselida alimuuliza kama wanalipa.

Hapo ndipo taabu ya pili ilipoanza. Protus alisema alipwe na anayeshinda kesi, wengine wakapinga, maana hapo atamshindisha mwenye mfuko mzito. Ikasemwa alipwe na anayeshindwa, ikaonekana ni kumpiga mtu aliyeanguka. Ikasemwa walipe wote wawili, na dereva mmoja mzee akauliza, hiyo si hongo ya pande mbili? Mwishoni wakaamua kwamba hakimu atalipwa na wale wasio na kesi, kwa shukrani ya kupita salama, nao wakaanza kumletea vitunguu, chumvi, sabuni, mpaka marehemu akauliza vitunguu vinatoka wapi, kumbe madereva wanavichomoa kwa mzigo wa wenye mali. Hakimu akala mali ya wizi, lo! Alikusanya vitunguu vilivyobaki akavirudisha kwa lori mwenyewe, akaomba mshahara ubadilishwe, na tangu siku hiyo mshahara wa hakimu wa foleni ukawa sahani moja ya chakula kwa Mama Edinah kila siku ya kazi, inalipiwa kwa zamu na dereva yeyote ambaye hana kesi.

Kutokana na mshahara huo marehemu akajiwekea sheria, na hiyo sheria hakuipata kwa mtu, aliitoa kichwani mwake mwenyewe. Alisema, kama mshahara wangu ni chakula, basi chakula cha mtu mwenye kesi ni hongo, hata kama ni maji na chumvi. Mtu akishapeleka kesi kwake, hakugusa sahani ya mtu huyo mpaka kesi iishe. Alikuwa ameshikilia hapo, hapindi. Watu waliheshimu sana jambo hilo, na tukisema ukweli hukumu zake zenyewe zilikuwa za kuzungukazunguka, maana bado alikuwa anaamini pande zote mbili, lakini mtu alitoka pale akiona amesikilizwa mpaka mwisho, na wengi walisameheana kwa kumhurumia yeye alivyokuwa anateseka kuamua.

Mwaka 2017 aliona miaka imesonga, akataka kupumzika, akaitisha uchaguzi mwingine, na hapo akagundua kwamba siku ile ya kwanza walikubaliana hakimu anachaguliwa vipi, wakapigana mpaka wakakubaliana analipwa vipi, lakini hakuna aliyewahi kusema anatoka vipi. Wagombea walisimama, watu wakaenda wakajipanga nyuma yake. Akahamia upande wa pili wa barabara, laini ikamfuata. Akaingia kwa Mama Edinah kunywa chai, laini ikaingia naye, Mama Edinah akauza chai yote siku hiyo. Akaona basi, wacha nikae, ni kazi tu.

Sasa tunafika mahali Paulinus anakwama. Alhamisi tarehe 16 Machi 2023, dereva mmoja anayeitwa Kibet alikuja kwa marehemu akilalamika kwamba lori moja limemruka kwenye foleni na likavunja kioo chake cha pembeni, na aliyekuwa mbele akilielekeza hilo lori kwa mikono, kuja, kuja, kata kulia, ni wakala wa mizigo. Marehemu akauliza ni wakala gani. Kibet akanyoosha kidole, na pale kidole kilipofika alikuwa amesimama Dancan.

Wahenga walisema kesi ya nyani ukimpelekea ngedere haki haipatikani, na marehemu aliijua hiyo methali kuliko sisi sote. Alimwambia Kibet, huyu ni mtoto wangu, siwezi kusikiza, ngoja tutafute hakimu mwingine. Kibet akakubali, lakini kabla ya jioni akaitwa avuke, akasema akirudi kutoka Kampala watamaliza, akawasha lori akaenda. Marehemu akabaki na kesi ambayo imefunguliwa na haijasikizwa. Siku iliyofuata, saa sita, Dancan alikuja kwa Mama Edinah, akanawa mikono, akakaa mahali pake, na baba yake akainuka na kwenda kukaa kwa benchi lingine. Dancan alifikiri ni mzaha, akamfuata, na baba yake akainuka tena.

Kibet hakurudi. Wiki zikawa miezi. Marehemu aliitisha uchaguzi wa hakimu wa siku moja, wa kesi hiyo moja tu, na safari hii akabaki hapa nyumbani Bumala makusudi ili laini isimfuate, na kweli wakachagua mtu, wakamchagua utingo mmoja kijana mwenye maneno matamu, ambaye jioni hiyo hiyo lori lao liliitwa likavuka Uganda, na hakimu mpya akaenda nalo akipunga mkono dirishani. Watu wa foleni ndivyo walivyo, leo wako, kesho wako Jinja. Anayebaki ni fundi wa tairi. Alienda mpaka mahakama ya serikali mjini Busia, akamuuliza karani mmoja kwa heshima, wao hufanya nini hakimu akiletewa kesi ya mtoto wake, na yule karani akamjibu vizuri tu kwamba faili hupewa hakimu mwingine. Marehemu akauliza, na kama mwingine hayuko? Karani akamwambia, mzee, mwingine huwa yuko. Alirudi nyumbani akilirudia hilo neno, mwingine huwa yuko, mwingine huwa yuko, kana kwamba ameambiwa kuna nchi ya mbali ambapo mvua hainyeshi watu wakiwa wameanika mahindi.

Disemba 2023 Dancan alimwoa Brendah, na katika karamu marehemu alikaa meza ya mbele na sahani tupu. Alicheza, alibariki, alitoa hotuba, lakini hakuonja hata soda, kwa sababu mwenye karamu alikuwa na kesi. Upande wa Brendah walikasirika, wakasema mzee huyu anamdharau binti yetu, na Brendah alilia siku ya harusi yake, hilo hatulifichi. Juni 2024 wakapata mtoto wa kike, marehemu akaenda kumwona, akambeba, akamwimbia, na Brendah akamchinjia kuku kama inavyotakiwa, akamwekea firigisi juu kabisa, na sisi sote hapa tunajua firigisi ni ya baba na mtoto anayempa baba yake firigisi anasema nini. Marehemu aliitazama ile firigisi, akamrudishia mtoto mama yake, akatoka akaenda kusimama kwa barabara. Dancan alimfuata nje akamwambia, "Baba, ni mimi. Ni mimi Dancan." Marehemu akasema anajua. Alisema, "Ungekuwa mtu mwingine kesi ingekuwa imeisha, na ningekuwa nimekula."

Mama Roselida alipiga kelele mwaka mzima. Alimwambia atupilie mbali hicho kiti, akaambiwa hakuna anayejua kinatupwaje. Alimwambia atoe hukumu tu, amwamuru Dancan alipe kioo, yaishe, akaambiwa watu watasema amemwonea mtoto ili aonekane mwenye haki. Alimwambia basi aseme Dancan hana makosa, akaambiwa hapo ndipo watakapocheka. Alimwambia atafutwe huyo Kibet, na marehemu akajibu kwamba wanamtafuta kila siku Malaba, kila dereva anaulizwa, na kesi ya Malaba inaishia Malaba. Paulinus alikuwepo siku hiyo, na aliona kila jibu lina maana, ukiyaweka pamoja ndipo unaona hakuna maana yoyote. Ndugu yangu mwenyewe alikonda. Alikuwa anakula peke yake, na mtu aliyezoea sahani ya mikono miwili akila peke yake chakula hakimshiki.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika kifua na miguu kuvimba mwezi wa Mei mwaka huu wa 2025, akatibiwa akapata nafuu, kisha Jumatatu tarehe 25 Agosti akazidiwa, akapelekwa hospitali mjini Busia na kulazwa, na madaktari wakatuambia ni moyo, umechoka. Dancan alikuwa huko kila siku, lakini hakuweza kuingia na chakula, basi alikuwa anasimama kwenye korido nje ya wodi, anauliza wanaotoka kama mzee amekula, na wanaotoka walikuwa wanamwambia hapana, hataki.

Ijumaa tarehe 5 Septemba daktari alimwita Mama Roselida pembeni akamwambia watu wajitayarishe. Mama hakulia. Alitoka hospitalini, akapanda pikipiki mpaka hapa Bumala, akasimama kwa barabara pale malori yanaposimama watu wakinunua mahindi ya kuchoma, akaanza kuwauliza madereva mmoja mmoja kama kuna anayemjua Kibet. Mtu akamwambia, mama, hiyo kesi si ni ya Malaba? Akasema, mimi si mtu wa Malaba. Dereva wa tatu aliyemuuliza akasema, "Kibet? Kibet wa kioo? Si huyo yuko hapo nyuma yangu anakula mahindi."

Kumbe, ndugu zangu, tajiri wa Kibet alimhamisha tangu mwaka huo huo wa 2023, akawa anavukia Busia badala ya Malaba. Kila wiki alikuwa anapita hapa. Anapita mbele ya lango hili mnaloliona, na marehemu akiwa nyumbani Jumapili amekaa kivulini kwake alikuwa anamwona akipita bila kumtambua, huku Malaba watu wakichungulia kila lori. Hakuna aliyefikiria kuuliza Bumala. Hata sisi tunaokaa Bumala.

Jumamosi tarehe 6 Septemba mchana Kibet aliingia wodini, amevua kofia, na Mama Roselida nyuma yake kama askari aliyeshika mtu. Aliposikia habari yote alishika mdomo. Akasema, "Mzee, kesi gani? Ile ya kioo? Mimi nilinunua kingine siku ile ile Tororo. Nilisahau, mzee. Woi, nilisahau kabisa." Akasema ameifuta, amemsamehe Dancan, hata hajui kama kulikuwa na cha kusamehe. Sisi tuliokuwa pale tukashukuru Mungu, tukadhani yamekwisha. Marehemu akatikisa kichwa kwa shida, akasema kwa sauti ndogo kwamba kesi ikifutwa lazima hakimu aipokee, na yeye hawezi kuipokea, mtoto ni wake.

Hapo Paulinus alipandwa na hasira, anakiri mbele ya mwili, alitaka kutoka. Lakini kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee mmoja wa Mundika, Mzee Hesbon, mkulima wa mihogo, amevunjika mguu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli na alikuwa amesikiliza kila kitu bila kualikwa. Akauliza, sasa hapo shida ni hakimu tu? Akaambiwa ndiyo. Akasema, basi tuchague mmoja, kwani sisi si watu? Marehemu akafungua macho. Akauliza wagonjwa watajipangaje laini, na Mzee Hesbon akasema wanaoweza watainua mkono. Mikono ikainuka wodi nzima kumchagua yeye mwenyewe, mwenye dripu akainua ule mwingine, mmoja aliyekuwa amelala akaamshwa, akauliza ni nini, akainua bila kungoja jibu, na muuguzi aliyeingia kuuliza kelele ni za nini akakuta ameshahesabiwa. Mzee Hesbon akachaguliwa kutoka kitandani. Marehemu akauliza, "Na mshahara?" kwa sababu hakutaka mtu afanye kazi bure, na akaagiza ile sahani yake ya hospitali ya ugali na kabichi, ambayo hakuwa ameigusa, ipelekwe kwa kitanda cha dirishani. Mzee Hesbon alikula kwanza, akajipangusa, akamuuliza Kibet kama ameifuta kesi, Kibet akasema ndiyo, akasema imefutwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya muhogo.

Marehemu alitazama mlango. Kisha akasema, "Dancan yuko wapi?"

Dancan alikuwa korido. Brendah alikuwa amepika kuku nyumbani asubuhi hiyo, kama alivyokuwa amepika kila siku ya wiki hizo mbili na kurudi na chakula, na firigisi ilikuwa juu. Marehemu hakuwa na nguvu ya kushika. Dancan alinawa, akaimega firigisi vipande vidogo, akamlisha, na marehemu akatafuna taratibu sana, akameza, kipande cha pili akakizuia kwa mkono, akakisukuma kwa mdomo wa mtoto wake, na wakala hivyo, kimoja kwa baba, kimoja kwa mtoto, mpaka ikaisha. Mama Roselida alikuwa ameshika chuma cha kitanda na kulia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Marehemu akasema chumvi imezidi kidogo, Brendah akacheka huku analia. Baadaye alilala, na Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, asubuhi watu wakienda kanisani, Mzee Methuselah alituacha, Dancan akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile waliomtunza na kuvumilia mambo yetu, majirani waliochota maji na kupasua kuni tangu siku ya kwanza, kwaya, parokia, mafundi wenzake wa Malaba waliofunga vibanda vyao leo, Mama Edinah aliyekuja na sufuria zake mwenyewe, Protus, na Kibet, ambaye ameendesha gari lililoleta mwili na kukataa kulipwa. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Hesbon, yule pale mwenye magongo, na tunawaomba watu wa Malaba mumwache apone, maana tumesikia mmeanza kumpelekea kesi zenu Mundika, na tangu juzi ameuliza familia mara tatu yeye anatoka vipi kwenye hicho kiti. Familia haijui. Marehemu alikuwa nacho miaka kumi na tatu na hakujua.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo kurudi, huulizwa kama kuna mtu yeyote aliyebaki na neno na marehemu, asimame alitoe. Tuliuliza kwenye matanga, tumeuliza tena asubuhi mbele ya ukoo mzima, hakuna aliyesimama, na Dancan amekula leo kwa nyumba ya baba yake, kwa kiti cha baba yake, na mama yake ndiye amempakulia.

Ojiambo, mtoto wa mama yangu, lala. Huna kesi na mtu.